KISIWA CHA NGAZIJA NA MLIMA WAKE WA MOTO

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa watu wa Kanja, Embu



Mmeniomba niseme juu ya nchi moja ya mbali, nami nimechagua kisiwa. Najua wapo kati yenu ambao hawajaiona bahari kwa macho, na huenda wakajiuliza moyoni, "Kisiwa chatuhusu nini sisi watu wa mlimani?" Jibu langu ni kwamba kisiwa hiki nacho ni mlima. Kilizaliwa kama ulivyozaliwa mlima ulio nyuma ya soko letu, kwa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi. Tofauti ni kwamba moto mkubwa wa Kirinyaga ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na mlima wa Ngazija ungali hai. Mtu wa Kanja akitaka kujua shamba lake lilikuwaje lilipokuwa bado jiwe tupu, na akatazame Ngazija.

Tushike njia ya kwenda huko. Chombo kikitoka Mombasa kikaelekea kusini, na kidogo mashariki, baada ya kilometa 900 na zaidi mabaharia wataona mbele yao mlima mkubwa umesimama peke yake baharini. Hicho ndicho kisiwa cha Ngazija, ambacho Wafaransa hukiita Grande Comore. Kimekaa penye mlango wa kaskazini wa mkondo wa bahari utenganishao Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Ndugu zake ni watatu: Nzwani, Mwali, na Maore, ambacho wengi hukijua kwa jina la Mayotte. Wanavyuoni husema kwamba jina la Komoro latokana na neno la Kiarabu, qamar, maana yake mwezi.

Ngazija ndicho kikubwa kuliko vyote vinne, lakini msidhani ni nchi kubwa. Eneo lake halifiki nusu ya Kaunti ya Embu, na watu waliohesabiwa huko katika mwaka 2017 walikuwa karibu 380,000. Mji mkuu, Moroni, uko pwani ya magharibi. Upande wa kaskazini kuna mlima mpana uitwao La Grille, wenye meta 1,087, uliojaa vilima vidogo vidogo vya volkano zilizolala. Upande wa kusini kuna Karthala, wenye meta 2,361, yaani futi 7,746. Huo ndio mlima wenye moto.

Wangazija wana hadithi ya kale juu ya mlima huo. Husema kwamba zamani za Nabii Suleiman, jini mmoja aliangusha baharini pete, wengine husema kiti cha enzi cha Malkia wa Sheba, na mahali kilipoangukia ukatoka moto na kisiwa kikainuka. Sisi huku wazee walituambia kwamba Ngai alikaa juu ya Kirinyaga. Naona watu wakaao chini ya mlima mkubwa ni wachache sana wanaoamini kwamba juu hapana mwenyewe.

Sasa nieleze kazi ya moto huo. Chini sana ya ardhi mawe yameyeyuka kwa joto. Mawe hayo yapatapo ufa hupanda, na yatokapo nje huitwa lava. Lava ikipoa hugeuka kuwa jiwe jeusi lenye matundu. Lava ya pili humwagika juu ya ile ya kwanza, na ya tatu juu ya hiyo, hata mlima ukajengeka kwa matabaka tangu chini ya bahari. Juu ya Karthala hapana kilele chenye ncha. Umetazama uji mzito unavyochemka? Povu huinuka, mvuke ukatoka, kisha sehemu ya juu hudidimia na kuacha shimo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Karthala: mawe yaliyoyeyuka yalipotoka tumboni mwa mlima, kichwa chake kilianguka ndani, likabaki bonde la mviringo lenye upana wa kilometa 3 kwa 4, na kuta zilizosimama wima. Mlima wetu wa Kirinyaga nao ulikuwa na kichwa kirefu kuliko hiki cha leo. Batian na Nelion si kilele cha zamani; ni kizibo cha mawe magumu kilichobaki kooni mwa volkano, baada ya barafu na mvua kula kila kilichokizunguka.

Tangu karne ya kumi na tisa Karthala umetoa moto zaidi ya mara 20. Katika mwaka 1860 lava ilitoka juu kabisa, ikatiririka yapata kilometa 13, hata ikaingia baharini kaskazini ya Moroni. Katika mwaka 1903 haikuwa lava iliyoua bali hewa ya sumu iliyotoka mlimani; watu 17 walikufa. Lakini habari ambayo nataka mwisikie vizuri ni ya mwaka 1977.

Kwanza jueni kwamba Wangazija ni watu wa kusafiri. Kisiwa ni kidogo na mawe ni mengi, kwa hiyo vijana wengi walivuka bahari kutafuta kazi, na maelfu yao waliishi katika mji wa Mahajanga, upande wa magharibi wa Bukini. Mwezi wa Desemba 1976 palizuka ugomvi mjini humo, Wakomoro wakashambuliwa, na mamia wakauawa. Waliosalia, wapatao 17,000, walirudishwa kwao, wengi kwa ndege za shirika la Ubelgiji liitwalo Sabena. Hata leo watu hao na watoto wao huitwa kwa jina la ndege hizo, Sabena. Basi fikirini nchi changa, iliyopata uhuru mwaka mmoja na nusu tu uliopita, haina fedha, na ghafula inapokea maelfu ya watu wasio na nguo ila walizovaa.

Miezi michache baadaye, Aprili 1977, ubavu wa Karthala ulipasuka. Lava haikutokea kileleni kama watu walivyozoea. Ilitoka chini, upande wa kusini-magharibi, juu ya kijiji cha Singani. Mto wa lava huenda polepole kiasi cha mtu kuweza kuukimbia, lakini hauzuiliki kwa ukuta wala kwa mtaro. Watu walitoka na walichoweza kubeba, wakasimama mbali wakitazama nyumba zao zikiungua moja baada ya moja. Nyumba karibu 300 ziliharibika. Hakuna aliyekufa, na hilo lastahili kushukuriwa. Singani bado ipo. Watu walirudi, wakajenga upya, na jiwe jeusi la mwaka huo lingali laonekana kati ya nyumba.

Kwa nini walirudi? Mtu wa mbali huuliza swali hilo, lakini mkulima haulizi. Hapo ndipo penye makaburi ya baba zao, na hapo ndipo penye shamba. Lava ikikaa muda mrefu ikapigwa na jua na mvua, huoza kidogo kidogo na kuwa udongo wenye rutuba. Udongo mwekundu wa Kanja, ambao chai yenu na kahawa yenu hustawi ndani yake, ulikuwa lava vilevile. Tofauti ni umri tu.

Na katika umri huo ndimo mlimo na taabu kubwa ya Ngazija, ambayo si moto. Ni maji.

Mtu akiambiwa kwamba kisiwa hiki hakina maji, atafikiri ni jangwa. Sivyo. Moroni hupata mvua ya zaidi ya milimeta 2,500 kwa mwaka, na miteremko ya magharibi ya Karthala hupata zaidi ya hapo. Mji wetu wa Embu hupata kama milimeta 1,200. Basi Moroni hunyeshewa mara mbili ya Embu, na hata hivyo katika kisiwa kizima hapana mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Hapana Rupingazi, hapana Thuci, hapana hata kijito cha mtoto kuchezea.

Sababu yake mwaweza kuijaribu nyumbani. Chukua vyungu viwili vyenye tundu chini. Kimoja kijaze kokoto, na kingine udongo wa shambani uliofunikwa kwa majani. Mwaga maji juu ya vyote viwili. Maji ya kokoto yatatoka chini mara moja. Ya udongo yatakawia, na yatatoka tone kwa tone hata kesho. Ngazija ni chungu cha kokoto. Mawe yake ni machanga, yamejaa nyufa na matundu, na mvua iangukapo hupenya moja kwa moja hata usawa wa bahari. Huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, kisha huvuja pole pole na kupotelea baharini. Bahari ikipwa, mahali pengine ufukweni utayakuta maji hayo yakibubujika kati ya mawe, hatua chache tu kabla ya kuingia katika chumvi.

Watu wa pwani walichimba visima karibu na ufuko, lakini maji ya visima hivyo mara nyingi huwa na ladha ya chumvi. Watu wa mlimani hawakuwa na hata hivyo. Njia yao ni moja tu, nayo ni birika. Hapa naona baadhi yenu mnatabasamu, kwa maana kwetu birika ni la chai. Huko pwani neno hilo lina maana ya zamani zaidi: ni tangi kubwa la mawe na chokaa, au la saruji, la kuwekea maji, kama lile la kutawadhia msikitini. Maji ya mvua hutoka juu ya paa, yakapita kwenye mfereji wa bati, yakaingia birikani, na familia huyatumia mpaka mvua nyingine. Birika likikauka, ni kwenda kuomba kwa jirani au kununua.

Desturi moja ya Wangazija itawashangaza. Nyumba ni mali ya mwanamke. Baba na ndugu wa kiume hujenga nyumba kwa ajili ya binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ardhi nyingine pia hurithiwa kwa upande wa mama, nayo huitwa manyahuli. Mwanamume apataye uwezo sharti afanye harusi kubwa iitwayo anda, yenye karamu na zawadi nyingi, na asipoifanya hana neno zito katika baraza la wazee hata akiwa na mvi. Watu wengi, na Wangazija wenyewe, wamelaumu gharama ya harusi hiyo. Mimi sitasema mengi juu ya mila za wenyewe, ila naona kwamba mahali ambapo maji yote ya familia hukaa ndani ya birika la nyumba, si jambo dogo kwamba nyumba ile ni ya mwanamke.

Sasa mtaelewa kwa nini mwaka 2005 ulikuwa mbaya. Juu ya Karthala, tangu mlipuko wa mwaka 1991, palikuwa na ziwa ndani ya shimo la kileleni. Mwezi wa Aprili 2005 moto ulipanda tena. Moto na maji vilipokutana, mlima haukutoa lava ya kutiririka bali ulirusha majivu. Ziwa likatoweka. Maelfu ya watu wa upande wa mashariki waliacha vijiji vyao. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo majivu yakaanguka tena, safari hii hata Moroni kwenyewe, mchana ukawa giza. Hakukuwa na mto wa lava wa kuunguza nyumba. Lakini majivu yaliangukia mapaa, na mapaa ndiyo yaletayo maji birikani. Katika siku chache maji ya kunywa ya sehemu kubwa ya kisiwa yaliharibika, ikawa lazima kuleta maji kutoka mahali pengine, na kuyasafisha mabirika moja moja kwa mikono. Sisi tukisikia volkano huogopa moto. Mngazija huwaza birika lake kwanza.

Siku hizi mji wa Moroni hupata maji kutoka visima virefu vilivyochimbwa karibu na pwani, na pampu huyasukuma mpaka mjini. Ni jambo jema, lakini pampu hutaka umeme, na umeme ukikatika mifereji hukauka. Tena maji hayo yakivutwa kupita kiasi, chumvi iliyo chini hupanda. Kwa hiyo wengi hawakuyaacha mabirika yao.

Nirudi nyuma nieleze kidogo watu hawa walitoka wapi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba visiwa vya Komoro vilikuwa na watu tangu karne ya nane hivi. Walikuwamo Wabantu waliotoka bara letu, na walikuwamo watu waliovuka bahari kutoka upande wa Asia ya kusini-mashariki, jamaa za wale walioingia Bukini. Ushahidi mmoja ni wa chakula. Katika majaa ya kale zimepatikana punje za mpunga na za choroko, mazao ya Asia. Choroko ndizo hizi ndengu wanazolima wenzetu wa Mbeere. Baadaye wakaja Waarabu, na koo kubwa hujitaja kuwa zilitoka Shirazi. Msikiti wa kale wa Ijumaa wa Moroni hutajwa kuwa wa mwaka 1427.

Lugha yao, Kingazija, ni ndugu ya Kiswahili. Maji huitwa madji, mtu huitwa mdru, na watu ni wandru. Mtu wa Lamu akikaa huko miezi michache huanza kusikia. Wala udugu huu si wa maneno tu. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Unguja na akafariki huko mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Na Habib Saleh, ambaye kwa juhudi yake ulijengwa msikiti wa Riyadha katika Lamu yetu hapa Kenya, naye alikuwa mzaliwa wa Ngazija. Alifariki mwaka 1935, na maulidi ya Lamu yangali yakikusanya watu kila mwaka.

Zamani kisiwa hakikuwa na mfalme mmoja. Palikuwa na masultani wengi, Bambao, Itsandra, Washili, Mbadjini na wengineo, na aliyewazidi wenzake aliitwa tibe. Waligombana sana. Kuelekea mwisho wa karne ya kumi na nane wakaja adui wa kuwagusa wote: majahazi na mitumbwi ya watu wa Bukini waliokuja kuteka watu na kuwauza utumwani. Ndipo miji ikajengewa kuta na ngome za jiwe lile jeusi la volkano, na nyingine zingali zimesimama, kama vile Itsandra na Ntsudjini. Katika mji wa Ikoni husimuliwa kwamba wanawake walipoona maadui wameingia, walipanda juu ya jabali na kujitupa baharini wasichukuliwe watumwa.

Ugomvi wa masultani uliwafungulia mlango wageni. Katika mwaka 1884 alifika Mfaransa mmoja, Léon Humblot, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1885 alifanya mkataba na Said Ali, sultani wa Bambao, aliyetaka nguvu dhidi ya wapinzani wake. Kwa mkataba huo Humblot alipewa ruhusa ya kuchukua ardhi aitakayo na kuilima, kwa ahadi ya kumpa sultani sehemu ya faida. Mwaka uliofuata Ngazija ikawekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Kampuni ya Humblot ikatwaa sehemu kubwa ya kisiwa, watu wakajikuta wageni katika mashamba ya baba zao, na Said Ali mwenyewe akahamishwa nchi mwaka 1893. Kwa fikira zangu kosa lilikuwa mwanzoni: sultani alitoa kitu kisichokuwa chake. Ardhi ilikuwa ya koo. Nadhani katika mkutano huu sina haja ya kueleza zaidi kwa nini jambo hilo haliponi upesi.

Mashamba hayo ndiyo yaliyoacha mazao ya biashara ambayo visiwa hivyo vinayategemea: vanila, karafuu, na ilangilangi, mti wenye maua ya manjano ambayo hutiwa katika mitungi ya kukamulia mafuta mazuri ya manukato. Maua huchumwa asubuhi mapema, na mafuta husafirishwa ng'ambo. Bei haipangwi na mchumaji. Wakulima wa chai mnajua wimbo huo.

Juu ya siasa nitapita haraka. Komoro ilitiwa chini ya Bukini mwaka 1912, ikatengwa nayo mwaka 1946, na katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru na Maore ikataka kubaki na Ufaransa. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Maore ingali na Ufaransa hata leo. Tangu hapo pamekuwa na mapinduzi mengi, na mengine yaliletwa na askari wa kukodiwa. Wakenya wengi walilisikia jina la Ngazija kwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilipotekwa, ikaishiwa na mafuta, ikaanguka baharini karibu na Mitsamihuli. Watu 125 walikufa, akiwamo mpiga picha wetu Mohamed Amin. Waliosalimika, 50 kwa hesabu, wengi wao walivutwa kutoka majini na wavuvi, watu wa kijijini na wageni waliokuwa ufukweni.

Nisingewatendea haki vijana kama nisingetaja samaki wa huko. Wataalamu waliamini kwamba samaki wa jamii ya silakanthi walikufa wote pamoja na majoka makubwa ya kale, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja akavuliwa Afrika ya Kusini, dunia ikastaajabu. Wa pili alitafutwa kwa miaka 14, na mwaka 1952 akapatikana kwa mvuvi wa Nzwani. Watu wa Komoro hawakustaajabu. Walikuwa wakimjua, wakimwita gombesa, na walisema nyama yake si nzuri. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na chombo cha chini ya maji pwani ya Ngazija na kuwapiga picha wakiwa hai. Mchana hujificha katika mapango ya lava, karibu meta 200 chini ya maji. Moto uliowanyima watu mito uliwajengea samaki hao nyumba.

Sasa nimalize na kisiwa cha pili, Nzwani, kwa kuwa habari yake ndiyo iliyonifanya nikubali kuja hapa leo. Nzwani ni mkubwa wa Ngazija kwa umri. Mawe yake yamekwisha kuoza yakawa udongo, na mabonde yake ni marefu. Kwa hiyo Nzwani ilikuwa na mito. Katika miaka ya 1950 mito mingi ilitiririka mwaka mzima kutoka milimani hadi baharini, na wanawake wa Ngazija waliwaonea wivu wenzao. Lakini watu waliongezeka, mashamba yakapanda milima, miti ikakatwa kwa kuni, na mingine kwa kukamulia mafuta ya ilangilangi, kwa maana mitungi ile hutaka moto mwingi. Msitu wa Nzwani umebaki vipande vidogo vileleni. Mvua sasa huanguka juu ya miteremko iliyo wazi, hushuka kwa kasi na udongo, na baada ya siku chache mto umekauka. Mingi ya mito hiyo sasa ni mabonde ya mawe wakati wa kiangazi. Basi kisiwa kimoja hakina mito kwa sababu ni kichanga mno, na cha pili kilikuwa nayo kikaipoteza katika maisha ya mtu mmoja.

Mlima wetu una umri kuliko Ngazija, na udongo wake ni mzito, wa kushika maji. Lakini barafu ya Lewis iliyo juu, tangu ilipopimwa mwaka 1934, imepungua zaidi ya tisa ya kumi. Na mwaka 1999, msitu ulipopimwa kwa ndege, yalionekana matanuri ya makaa, mashamba ya bangi, na miti mikubwa iliyokatwa katika pande zote za mlima. Mwaka uliofuata msitu ukatiwa chini ya ulinzi wa Shirika la Wanyama Pori, na sehemu nyingi zikaanza kuota tena. Rupingazi huenda Thiba, Thiba huenda Tana, na maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Kamburu na mabwawa yaliyo chini yake.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mzee mmoja aliniuliza kabla ya mkutano jinsi birika la Ngazija linavyojengwa na linavyofunikwa, kwa kuwa kiangazi kilichopita nyumba yake, iliyo juu mlimani mbali na mto, ilikosa maji wiki tatu. Nimechora picha yake kwenye ubao huu. Wanaotaka kuitazama na waje mbele.